WATU NA MAISHA YAO: Myahudi Aliyekuwa Meya wa Dublin

Wasomaji wetu watukufu, mwezi huu tumekhiari kuwaletea khabari za mtu asiyekuwa wa mila yetu. Huenda baadhi yenu wakauliza: yatufaa nini sisi maisha ya Myahudi wa Ulaya? Jawabu yetu ni kwamba Mwislamu hana mizani mbili, moja ya ndugu zake na moja ya wageni. Tena katika maisha ya mtu huyu limo swali ambalo vijana wetu hulikuta kila siku, khasa wanaoishi katika miji ambayo Waislamu ni wachache: je, mtu aweza kuishika dini yake barabara, na huku akawatumikia kwa uaminifu watu wa dini nyingine?

Jina lake lilikuwa Robert Briscoe. Alizaliwa mwaka 1894 katika mji wa Dublin, nchi ya Ayalandi. Baba yake alikuwa Myahudi aliyehamia kutoka Lithuania, akifanya biashara ya samani. Nyumba yao ilikuwa ya watu walioshika dini. Lakini mzee huyo aliipenda mno nchi iliyompokea, hata mmoja wa wanawe akamwita Wolfe Tone, jina la shujaa aliyepigana na utawala wa Waingereza mwishoni mwa karne ya 18. Basi Robert akakua akiona kwamba kumwabudu Mungu kwa desturi ya wazee wake na kuipenda nchi yake ni mambo mawili yasiyogombana.

Vita vya kudai uhuru vilipowaka mwaka 1919, Michael Collins, mmoja wa wakuu wa vita hivyo, alimtuma Briscoe Ujerumani kwenda kutafuta silaha, kwani alikwisha kukaa huko kabla ya Vita Kuu vya Kwanza. Mapatano na Waingereza yalipotiwa sahihi Desemba 1921, wapiganaji wakafarakana. Briscoe alikuwa pamoja na Eamon de Valera na wenziwe walioyakataa. Mwaka 1926 de Valera akaunda chama cha Fianna Fáil, na Briscoe akawa miongoni mwa waasisi wake. Mwaka 1927 akaingia Bungeni, na hakutoka mpaka alipostaafu mwaka 1965. Miaka 38 hiyo alichaguliwa na watu ambao wengi wao walikuwa Wakatoliki. Maana Mayahudi wa nchi hiyo, katika hesabu ya watu ya mwaka 1946, hawakufika hata 4,000.

Katika kazi zake za Bungeni iko moja ambayo hapana budi tuitaje. Maskini wa Dublin wakati ule walikuwa wakinyonywa na wakopeshaji wa fedha, baadhi yao wa dini yake Briscoe na wengine wa dini nyingine. Mwaka 1929 alipeleka Bungeni mswada wa kuwadhibiti watu hao, na mwaka 1933 sheria ikapita. Sheria hiyo haikuikomesha riba. Iliihesabu tu kuwa imekiuka mpaka pindi ikizidi 39 katika mia kwa mwaka. Kwetu sisi, iwe 39 au iwe 1, ni riba ile ile. Hata hivyo tunaona uadilifu wa mtu ambaye hakuwafunika wadhalimu kwa sababu ni watu wa kabila lake. Ni wangapi katika sisi wanaoweza kusimama hadharani wakawakataza jamaa zao dhulma?

Mwaka 1956 madiwani wa Dublin walikutana kumchagua Meya. Kura zikalingana, wasipate mshindi. Basi majina yakatiwa katika kofia, na lililotoka likawa la Briscoe. Hivyo ndivyo Myahudi alivyovaa kwa mara ya kwanza mkufu wa Meya wa mji ule, akaingia kukaa Mansion House, jumba la Mameya tangu mwaka 1715. Machi 1957 alikwenda Marekani kwa sikukuu ya Mtakatifu Patrick, ambayo ndiyo sikukuu kubwa ya Waayalandi, na maelfu ya watu wakajipanga barabarani kumshangilia. Mwaka 1961 akachaguliwa tena. Alifariki mwaka 1969; na mwanawe Ben, aliyerithi kiti chake Bungeni, naye akawa Meya mwaka 1988.

Lakini maisha yake hayakuwa shangwe tupu. Mayahudi walipoanza kuteswa na Hitler, Briscoe alibisha mlango mmoja hadi mwingine katika ofisi za serikali ya chama chake mwenyewe, akiomba wakimbizi waruhusiwe kuingia. Mara nyingi alikataliwa, na waliopokewa walikuwa wachache mno. Mwaka 1943 mbunge mmoja alisimama katika Bunge lile lile alimokuwamo Briscoe, akawasifu Wajerumani kwa kuwafukuza Mayahudi. Hayo alitendewa mtu aliyehatarisha roho yake kwa ajili ya uhuru wa nchi ile.

Na hapa pana jambo ambalo hatuwezi kulificha, maana uadilifu si kusifu tu. Huzuni ile ilimtia Briscoe katika safu ya Wazayuni, tena wale wakali wao. Mwaka 1938 alimkaribisha Dublin kiongozi wao, Vladimir Jabotinsky, akamkutanisha na de Valera. Mtu aliyejua uchungu wa nchi kutawaliwa na wageni hakuuona uchungu wa Waarabu wa Palestina, ambao zaidi ya 700,000 kati yao walipoteza makazi yao katika vita vya 1948. Dhulma waliyotendewa Mayahudi wa Ulaya ilikuwa kubwa mno, wala mwenye akili haikanushi. Lakini Wapalestina si walioitenda, nao ndio waliolipishwa.

Basi enyi vijana, lichukueni lililo jema na liacheni lililo kombo. Mtu huyu hakubadili jina wala hakuificha dini yake ili apate cheo, na watu wasiokuwa wa dini yake walimwamini kwa kuwa waliuona utumishi wake. Nanyi wazazi, msiwatishe watoto wenu kwamba akiingia katika baraza la mji ataiacha sala. Mfundisheni sala kwanza, kisha mwacheni aende akawatengenezee watu maji, shule na njia. Na siku atakapopewa mamlaka, mkumbusheni kwamba haki ya jirani ni sawa na haki yake, hata jirani huyo akiwa mbali, na hata akiwa si wa mila yake.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waadilifu kwa tunaowapenda na kwa tusiowapenda. Amin.