Hatia ya Anayemimina

Katika karamu zetu, mgeni anapoinuka na ufunguo wa gari mkononi, hakosi mtu wa kumwambia: "Kaa kwanza, umalize hii chupa." Nchini Japani, asemaye hivyo na kummiminia anaweza kufungwa pamoja na dereva.

Sheria hiyo ilizaliwa na msiba. Mnamo Novemba 1999, katika barabara kuu ya Tomei, Tokyo, lori lililoendeshwa na mlevi liliigonga kwa nyuma gari la familia moja, likashika moto. Mabinti wawili, mmoja wa miaka 3 na mwingine wa mwaka 1, wakateketea. Dereva akahukumiwa miaka 4 tu, kwa maana sheria ya siku zile ililihesabu tendo hilo kuwa uzembe. Wazazi hawakunyamaza. Pamoja na wafiwa wengine walikusanya saini zaidi ya 300,000, na mwaka 2001 bunge likaweka kosa jipya la kuua kwa uendeshaji wa hatari.

Agosti 2006, mjini Fukuoka, mlevi mwingine, mtumishi wa manispaa, aligonga gari juu ya daraja, likatumbukia baharini. Watoto 3 wa familia moja wakafa. Mwaka uliofuata sheria ikarekebishwa tena, na safari hii ikawatazama waliokaa karibu na dereva. Anayemkabidhi mlevi gari huadhibiwa sawasawa naye: hadi miaka 5 gerezani au faini ya yeni 1,000,000. Anayempa kinywaji mtu atakayeendesha, na anayeomba kubebwa na dereva ambaye anajua kuwa amelewa, wanaweza kufungwa hadi miaka 3. Wala si lazima dereva apepesuke, miligramu 0.15 za alkoholi katika lita moja ya pumzi zatosha kumpeleka mahakamani. Tangu Novemba 2024 hata mwendesha baisikeli amewekewa kipimo hicho.

Je, ni haki kumfunga mtu ambaye hakushika usukani? Nakiri kwamba nilisita. Lakini sheria haimwadhibu asiyejua. Inamtafuta aliyeona, akanyamaza, akapanda. Sisi tunaolijua jibu la Kaini kuhusu ndugu yake hatupaswi kushangaa.

Ukali peke yake, hata hivyo, una hasara zake. Baadhi ya walevi waliogonga watu walikimbia ili pombe iwatoke kabla ya kupimwa, hata ikabidi, mwaka 2013, kujificha huko kutungiwe adhabu yake ya hadi miaka 12. Kilichosaidia zaidi, naamini, ni kwamba mnywaji alipewa njia ya kurudi nyumbani. Kuna huduma iitwayo daiko: unapiga simu, wanakuja watu wawili, mmoja anaendesha gari lako hadi mlangoni pako, mwenziwe anafuata nyuma na gari lao. Ajali za pombe zenye kuua, ambazo mwaka 2000 zilizidi 1,200, miaka ya karibuni hazifiki 200.

Magari mengi yenye usukani wa kuume yanayopita Goma na Lubumbashi yalitoka huko. Tuliyapokea magari, desturi ya kuuliza mapema ni nani ataendesha haikupakiwa melini.

Mtaniambia kwamba kwetu kumnyima mgeni kinywaji ni aibu. Najua, na ndiyo maana nimeichagua Japani. Huko pia kumjazia mwenzako kikombe ni adabu ya mezani, na kikombe kitupu mbele ya mgeni ni lawama kwa mwenyeji. Adabu hiyo haikufutwa. Mwenyeji mwangalifu huuliza kwanza mgeni amekuja kwa njia gani, na akisikia kwamba ni kwa gari, humjazia chai.