Kumchezea Mungu



Mwaka wangu wa uchungaji niliufanyia katika parokia moja ya Usukumani, na nilikabidhiwa kazi ambayo sisi mafrateri hukabidhiwa karibu kila mahali: watumishi wa altare, vijana, na watoto wa Utoto Mtakatifu. Nilikuta matoleo yana utaratibu wake wa miaka mingi. Jumuiya yenye zamu ilijipanga mlangoni, kwaya ikaanza wimbo, na akina mama wakaja na mihogo, mchele, mayai, pengine na kuku aliyefungwa miguu, wakipiga hatua mbili mbele na moja nyuma. Hakuna aliyewafundisha hatua hizo. Kulikuwa na bibi mmoja ambaye kila zamu ya jumuiya yake ilipofika alileta mayai mawili ndani ya bakuli. Akibakiza hatua chache kumfikia padre, alijizungusha mara moja pale pale alipo, akapiga kigelegele, kisha akakabidhi bakuli lake.

Mimi nimekulia mjini. Niliona jambo hili linakula muda na halina mpangilio. Nikachagua wasichana kumi na wawili, nikawafundisha hatua nilizozipata kwenye video za simu, nikawaomba wazazi wawashonee sare za kitenge. Mmoja aliacha kuja mazoezini baada ya wiki ya pili, na nilijua sababu ni sare, lakini sikumfuatilia. Usiku wa Noeli wale kumi na mmoja waliingia na mkate na divai, kanisa zima likasimama, simu zikainuliwa juu. Wakati wa matangazo msomaji akasema tuwapigie makofi watoto wetu kwa dansi nzuri. Makofi yakapigwa kwa muda mrefu. Nilijisikia vizuri sana.

Vikapu vya jumuiya tulikuwa tumeviweka pembeni kabla ya Misa ili visizibe njia. Hilo nalo nililipanga mwenyewe.

Miezi kadhaa baadaye nilimkuta yule bibi nje ya kanisa, nikamwamkia. "Marahaba, Frateri," akaitikia. Kisha akasema bila ukali wowote: "Mwanangu, zamani tulikuwa tunakuja kusali. Siku hizi tunakuja kutazama watoto wakisali."

Nimerudi seminarini na maneno yale, na hapa nimekuta mabishano niliyoyaacha bado yanaendelea mezani na kwenye mapumziko. Upande mmoja husema dansi haina nafasi katika Misa. Upande wa pili hujibu kwamba sisi ni Waafrika na dansi imo katika damu yetu. Nimeanza kuamini kwamba pande zote mbili zimekosea neno kabla hazijakosea hoja.

Tutazame maneno yetu. Kiingereza kina neno moja kwa mwili unaofuata mdundo, dance, na kina neno jingine kabisa kwa mtoto anayejiburudisha barazani au timu iliyo uwanjani. Kiswahili hakikutenganisha mambo hayo. Tunacheza mpira, tunacheza bao na karata, tunacheza ngoma. Aliyeigiza Pilato Ijumaa Kuu tunasema alicheza Pilato. Akina mama wa WAWATA wakichangishana fedha kwa zamu wanacheza mchezo. Msichana anayefundwa anachezwa. Jicho likitetemeka tunasema linacheza, na kuna watu watakuambia mapema kama ni heri au shari. Na mama mjamzito akifika kliniki huulizwa kama mtoto anacheza, naye hushika tumbo, hutulia kidogo, hujibu kwamba leo asubuhi amecheza sana. Ukimsoma Luka juu ya Elizabeti alipomsikia Maria akimsalimu, ni jambo hilo hilo analolizungumza.

Hivyo kucheza, kwa Kiswahili, ni uhai unaojionyesha. Sioni la kuonea aibu hapo.

Ngoma ni neno jingine. Ngoma ni kile chombo cha mti na ngozi, ni mdundo wake, ni hatua za miguu, na ni tukio lenyewe pamoja na watu wake wote na pombe yao. Huwezi kuwa na ngoma ya mtu mmoja. Vijana wa leo wameliita wimbo wowote mpya ngoma, na kuna miaka walilitumia hata kwa UKIMWI. Lakini bibi niliyemtaja akisikia kuna ngoma, jambo la kwanza analouliza ni ya nani, yaani arusi ya nani, mavuno ya nani, msiba umeishia kwa nani.

Dansi ndilo lile dance la Kiingereza lililovaa kanzu ya kwetu. Halikuja peke yake. Lilikuja na ukumbi, bendi, kiingilio mlangoni, na watu wawili wawili. Tukalipokea vizuri, tena tukalitengenezea vitenzi vyake: kusakata, kuserebuka, kunengua. Siwezi kulisema vibaya, kwa sababu redio ya baba yangu ilikuwa haizimwi jioni. Na bendi zenyewe zilionekana kujua kwamba kuna kitu zimekiacha nyumbani. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ndiyo ambayo baada ya kubadili majina mara kadhaa inaitwa Msondo Ngoma. Mlimani Park Orchestra, ya mwaka 1978, ilijulikana kwa jina la Sikinde, ngoma ya Wazaramo. Baadaye bendi zikaweka wanenguaji jukwaani, na yule aliyelipa kiingilio ili acheze akajikuta amekaa na soda yake, anatazama. Hapo ndipo dansi ilipogeuka shoo.

Kwa hiyo msomaji wa matangazo alipoita kazi yangu dansi, kusema kweli aliipendelea. Ilikuwa shoo.

Katika darasa la Agano la Kale tuliwahi kukaa kipindi kizima na sura ya 6 ya Kitabu cha Pili cha Samweli, pale Daudi anapolileta Sanduku la Bwana mjini kwake huku akicheza kwa nguvu zote. Mikali anapomsuta, Daudi anamjibu kwa kitenzi cha Kiebrania sahak. Kitenzi hicho ni kucheka, kujifurahisha, kucheza, vyote kwa pamoja, karibu sawasawa na kucheza kwetu. Hicho hicho kimetumika katika sura ya 8 ya Mithali, Hekima inapofurahi mbele ya Mungu wakati dunia inaumbwa. Lakini hicho hicho, pamoja na ndugu yake tsahak, kimetumika pia katika sura ya 16 ya Waamuzi, Wafilisti wanapomtoa Samsoni gerezani, kipofu, ili awachezee. Mwandishi anataja hata idadi: waliokuwa juu ya dari wakitazama walikuwa kama 3,000, wanaume kwa wanawake. Na tsahak ndicho kinachotumika kwa watu walioinuka kucheza baada ya kutoa sadaka mbele ya ndama wa dhahabu.

Biblia basi haikuweka neno safi kwa Daudi na neno chafu kwa Wafilisti. Kitenzi ni cha ukoo mmoja. Kinachotofautiana ni nani yuko mbele ya mchezaji. Na tazama Mikali alikuwa wapi: dirishani. Nyumba nzima ya Israeli imo katika msafara, yeye peke yake anatazama kutoka juu, na dharau yake inaanzia hapo hapo anapotazama. Sisemi kila mtazamaji ni Mikali. Nasema tu kwamba mimi nililigeuza kanisa zima kuwa dirisha.

Sarufi yetu inalijua hilo kuliko mimi. Ukikiongeza kitenzi hiki herufi moja unapata kuchezea, na unapata maana mbili zinazopigana. Watoto wangu walikuwa na wimbo wa kumchezea Bwana, wakimaanisha kucheza kwa ajili yake. Lakini mzazi akimwambia mwanawe asimchezee Mungu, anamwonya asimfanyie mzaha. Msichana mmoja wa kile kikundi, mwenye miaka kumi na moja hivi, aliponisikia nikieleza kwamba tunabadili utaratibu, aliniuliza: "Kwa hiyo Frateri, sisi tulikuwa tunamchezea Mungu?" Nilimwambia hapana. Nilipaswa kumwambia kwamba aliyemchezea ni mimi, na sikuwa na ujasiri huo.

Kanisa limekwisha kulizungumza jambo hili, na halikulizungumza kwa mdomo mmoja. Waraka mfupi uliotoka katika jarida Notitiae mwaka 1975 uliikataa dansi katika liturjia za nchi za Magharibi, kwa hoja kwamba huko imeshikamana na starehe na vitu vya kidunia. Mwaka 1988 Roma iliidhinisha Misale ya Kiroma kwa majimbo ya Zaire, matunda ya kazi ambayo Kardinali Joseph-Albert Malula aliihangaikia kwa miaka mingi, na humo padre na wahudumu wake huizunguka altare kwa hatua za wimbo wakati wa Utukufu. Papa Fransisko aliadhimisha Misa kwa utaratibu huo ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro tarehe 1 Desemba 2019. Katikati ya hayo kuna maelekezo ya mwaka 1994 kuhusu utamadunisho, Varietates Legitimae, na namba yake ya 42 ndiyo ningependa kila mwalimu wa kwaya aisome. Inakubali makofi, kuyumba na hatua za kucheza kwa watu ambao wimbo wao hauwezi kuachana navyo, mradi viwe sala ya jumuiya nzima na visiwe onyesho.

Kardinali Joseph Ratzinger, katika kitabu chake juu ya roho ya liturjia cha mwaka 2000, alikuwa mkali zaidi. Alisema dansi si namna ya Wakristo kusali liturjia, na kwamba kinachoitwa dansi kwa Waethiopia na Wakongo kwa kweli ni maandamano yenye mdundo. Kwa heshima zote, nadhani hapo alikuwa anabishana na dance, neno la huko kwao na ukumbi wake. Angekuwa Msukuma asingehitaji kulitenga andamano na kucheza. (Na neno maandamano kwetu lina matata yake: hufikiriwa kuwa yanahitaji kibali cha polisi.) Lakini katika jambo jingine amenishika kooni. Aliandika kwamba makofi yakipigwa katika liturjia kwa sababu ya ufundi wa mtu, basi liturjia imekwisha kutoka na burudani imeingia. Nilipousoma ukurasa huo niliyakumbuka makofi ya Noeli.

Kuna watakaosema nazidisha, kwamba watu wanapenda ufundi na watoto wanahitaji pa kuuonyesha. Ni kweli kabisa, na Usukumani jibu lipo. Bujora, karibu na Kisesa, Padre David Clement wa Shirika la Wamisionari wa Afrika aliwapokea wacheza ngoma wa Kisukuma wakati Wakristo wengi mahali pengine walikuwa bado wanazuiwa hata kuikaribia ngoma. Kila Juni kuna Bulabo, inayofuata Sherehe ya Ekaristi Takatifu. Misa na maandamano ya Ekaristi huwa na nafasi yake. Baadaye, uwanjani, Bagika na Bagalu hushindana siku nyingi, na wanaovuta watu wengi zaidi ndio wanaohesabiwa wameshinda. Hapo kutazama ni halali, kushangilia ni halali, na anayetaka kujigamba ajigambe. Utawaona wanaume wakirusha majembe juu na kuyadaka katika bugobogobo, ngoma iliyotoka shambani, na hutasikia mtu akiuliza kama ni liturjia. Ufundi umepewa uwanja wake, altare ikaachiwa matoleo.

Parokia nyingi hazina uwanja huo tena, au zinao lakini umejengwa vibanda vya kupangisha. Nadhani hiyo ni sehemu kubwa ya tatizo kuliko tunavyokubali. Mtoto mwenye kipaji cha kucheza akikosa mahali pengine pote, tutamsukuma njia ya kati wakati wa matoleo, kisha tutamlaumu kwa kuonekana.

Kabla mwaka wangu haujaisha nilimweleza paroko, akanisikiliza, akaniruhusu kurekebisha nilichoharibu. Vikapu vikarudi mlangoni. Wasichana hawakuondolewa, walitawanywa, kila mmoja akaenda na jumuiya ya wazazi wake, bila sare, wakishika hatua za mama zao. Ilituletea maneno. Wazazi walioshona vitenge walitaka kujua fedha yao imekwenda wapi, na sikuwa na jibu. Mwenyekiti wa kwaya alisema tumerudi nyuma. Yule wa kumi na mbili, aliyeacha kwa ajili ya sare, sikumwona tena upande wa watoto, ingawa nilifika hadi kwao mara mbili.

Jumapili ya zamu yao bibi alikuja na mayai yake mawili. Hakujizungusha. Baadaye aliniambia magoti hayataki tena. Alisimama tu pale alipozoea kuzungukia, akapiga kigelegele, na wanawake waliokuwa nyuma yake, ambao sasa walikuwa wengi, wakakiitikia hadi padre akaingiwa na wasiwasi kwamba wimbo umepotea.