Mwanafunzi wa uuguzi alale kwanza kitandani

Mama anafika kwenye kituo cha afya saa mbili ya asubuhi, mtoto mgongoni. Ametembea tangu alfajiri, na homa ya mtoto ina siku tatu. Neno la kwanza analosikia siyo « Karibu mama ». Ni « Ulikuwa wapi siku hizi zote? » Anainamisha kichwa. Hasemi kwamba alikuwa anatafuta franka za kulipa fishi. Dawa atapewa. Lakini mtoto akiugua tena, atasitasita kurudi pale, na malaria haimungojei mtu.

Hatuandiki haya ili kuwatukana wauguzi. Wengi wao wanafanya kazi bila mshahara wa serikali, na wanaodai walipwe kwanza wana haki. Lakini tuulize: ni wapi walifundishwa kumpokea mtu? Kwenye ITM na ISTM zetu, mwanafunzi anajifunza kupiga sindano, kuweka serumu, kupima tansio, na mtihani unamuuliza hayo. Namna ya kusema na mtu mwenye woga anaachiwa aikute kwenye staji. Huko anaiga anachokiona, kizuri na kibaya.

Kuna njia isiyo ya bei: mchezo wa kuigiza. Siyo jambo jipya. Mwaka 1963, huko Los Angeles, Marekani, muganga Howard Barrows alianza kutumia mtu mwenye afya aliyeigiza ugonjwa ili wanafunzi wajifunze mbele yake. Sisi tunaomba mwanafunzi mwenyewe pia awe mgonjwa.

Inahitaji kitanda, kitenge na mwalimu anayejua anachotafuta. Mwanafunzi alale. Wenzake wamuite « ule wa malaria », wamfunue bila kumuomba ruhusa, wamuache dakika ishirini bila neno. Anayesema Kinande aulizwe maswali kwa Mashi, lugha asiyoisikia. Kisha ainuke, wote waketi, mwalimu aulize: ulijisikia namna gani? Ulitaka uambiwe nini? Bila mazungumzo hayo, mchezo unabaki kichekesho, na pengine unawafundisha kumcheka mgonjwa. Baadaye warudie: muuguzi ajitambulishe, aulize jina, aeleze kabla ya kugusa. Na katika majimbo haya ya vita, asilazimishwe mwanafunzi yeyote kuigiza kidonda chake mwenyewe.

Sisi wa mashariki tunajua bei ya kukosa kuaminiana. Kati ya 2018 na 2020, Ebola iliua watu zaidi ya 2 200, karibu wote katika Kivu Kaskazini na Ituri. Wagonjwa walijificha, na vituo vya matibabu vilishambuliwa. Sababu zilikuwa nyingi: vita, siasa, uvumi. Lakini familia pia ziliona ndugu zao wakichukuliwa na watu waliofunikwa uso wote, bila kujua kinachofanyika ndani. Kule Beni, shirika la ALIMA lilitumia vyumba vyenye kuta za plastiki inayopitisha macho. Familia ikaweza kumuona mgonjwa wake na kusema naye. Ili kufikiri hivyo, lazima mtu ajiweke kwanza mahali pa yule anayengoja nje.

Mchezo huu hautaleta dawa zinazokosekana, wala hautamlipa muuguzi. Serikali isitumie neno « huruma » kufunika deni lake. Lakini viongozi wa shule hawahitaji kungoja amri ya Kinshasa ili kutenga saa mbili kila juma kabla ya staji, na kuzitia kwenye pointi za mwisho wa mwaka, kwani mwanafunzi anasoma kile anachopimwa.

Yule mama wa asubuhi haombi mambo makubwa. Anaomba akaribishwe, aulizwe jina la mtoto, na aambiwe kinachofuata.