Mkono Utetemekao na Nguvu za Siku

Wengi wenu hapa Buhembe mmetuuliza kwa nini mkono wetu wa kulia watetemeka tuwapo tumeketi, kisha hutulia tuunyooshapo kushika msahafu. Wapo walionong'ona kwamba ni jini. Jawabu ni kwamba haya ni maradhi yaitwayo Parkinson, kwa jina la tabibu wa Kiingereza James Parkinson aliyeyaeleza mwaka 1817. Ndani ya ubongo mna chembe zitengenezazo dopamini, kitu kiwezeshacho mwili kwenda kwa wepesi. Chembe hizo zikifa, mtu huwa mzito, viungo hukakamaa, sauti hushuka na mwandiko hudogoka. Wanafunzi wetu ndio waliotangulia kuliona hili la mwisho: mstari ubaoni ulianza kwa herufi kubwa, ukaishia kama nyayo za sisimizi.

Wala si maradhi ya Wazungu peke yao. Wilayani Hai, Kilimanjaro, madaktari waliwatafuta wagonjwa katika watu zaidi ya 160,000, wakapata 33, na walio wengi hawakuwa wamepata kuambiwa maradhi yao ni nini. Taarifa hiyo ilichapishwa mwaka 2008. Na Muhammad Ali, bondia aliyefika Dar es Salaam mwaka 1980, aligunduliwa kuwa nayo mwaka 1984. Mwaka 1996 aliwasha moto wa Olimpiki kule Atlanta huku akitetemeka, akaishi hata mwaka 2016.

Sasa tuje kwenye tulilokusudia, nalo ni nguvu. Dawa itumiwayo zaidi ni levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Hufanya kazi kwa saa kadhaa, kisha hufifia, na uzito hurudi. Kwa hiyo siku yetu ina saa njema na saa mbaya, wala si uvivu. Darasa la watoto tumeliweka katika saa njema. Kuoga na kwenda sokoni hatuvirundiki pamoja. Baada ya adhuhuri twalala kidogo bila ya kuona haya.

Chakula nacho kina neno lake. Maharage, nyama, samaki wa ziwani na senene (na nani wa Bukoba atakayewaacha!) huishindania dawa njia tumboni, isipenye vizuri. Basi twaimeza kwa maji nusu saa au saa moja kabla ya kula, na vyakula hivyo twavila zaidi usiku. Ndizi hazina taabu hiyo kubwa. Tumeshauriwa pia mbegu za upupu. Ni kweli zina levodopa, lakini kipimo chake hakijulikani, na kuzichanganya na dawa ya hospitali ni hatari. Daktari aambiwe kwanza.

Katika sala, kuinuka upesi kutoka sijida kwaweza kuleta kizunguzungu. Sheria imetupa wasaa: asiyeweza kusimama na asali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa asali kwa ubavu. Sisi twasimama dawa ifanyapo kazi, twakaa kitini ikiisha. Msistaajabu basi kwamba jana tulisimama na leo tumekaa. Mlangoni miguu hunata kama iliyopigiliwa misumari, na vijana, kwa wema wao, hutuvuta. Tafadhalini msivute. Tungojeni tuhesabu moja, mbili, tatu, tuuvuke mstari wa sakafu, nayo miguu hufunguka. Ama saumu, dawa hii haiachwi ghafla, kwani kuiacha hivyo huleta hatari kubwa. Mgonjwa aonane na daktari na shekhe wake kabla ya mwezi kuandama, na ambaye maradhi yake hayatarajiwi kupona ana ruhusa ya kula na kutoa fidia.

Lipo moja zaidi kwa wenye nyumba. Uso wa mgonjwa hukosa tabasamu, watu wakadhani amenuna. Mtoto mmoja darasani alimwambia mama yake kwamba Maalim amechukia kila siku, na mama akaja kuuliza. Tukamweleza. Tangu hapo mtoto yule, kila afikapo, hutuamkia kisha husema: "Maalim, leo umechukia au ni ugonjwa?" Nasi humjibu ilivyo.