Kigong'ota wa Giheta

Askari aliye zamu alfajiri huko Giheta, mkoani Gitega, huenda akasikia mgoto wa haraka juu ya mti mkavu. Huyo ni kigong'ota.

Aonekanaye zaidi karibu na nyumba ni mdogo, wa sentimita 15 hivi. Kifua kina michirizi myeusi na mgongo una mistari ya kukingama. Dume ana utosi mwekundu, jike mweusi. Mwenzake aliye mkubwa kidogo ana kichwa cha kijivu na wekundu juu ya mkia, wala kifua chake hakina michirizi. Asidhaniwe kuwa zuwakulu, mla matunda mwenye mdomo mnene, ambaye naye hutoboa miti. Kigong'ota hupanda shina wima, akijiegemeza kwa mkia wake mgumu.

Wapo wamwonao mharibifu, wakawaachia watoto wampige kwa manati. Hilo si haki hata kidogo. Atafutacho ni funza, hata ndani ya mabua ya mahindi, na tundu la kutagia hulichimba katika mti uliokwisha kuoza. Mama akataye kuni akibakiza kisiki kimoja mpakani mwa shamba, kigong'ota atapata makao. Akiondoka, ndege wasioweza kuchimba watahamia humo.