Mimi Sio Kazimoto

Juzi rafiki yangu mmoja, msomaji wa riwaya kunishinda mimi, alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Dodoma. "Karibu nyumbani dada," akasema huku anacheka, "ila usije ukawa Kazimoto." Na mimi nikacheka, nikamrudishia emoji, nikaendelea kupanga vitabu kwenye boksi la ndizi nililoomba dukani. Kama saa moja baadaye nikagundua nimekasirika.

Sidhani kama kuna mtu humu asiyemjua Kazimoto, lakini tukumbushane. Ni msimulizi wa Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, riwaya ya 1974. Kijana wa chuo kikuu anarudi kwao Ukerewe, anakuta hatoshei popote, si kwa wazee wala kwa wasomi wenzake, mambo yanamwendea kombo moja baada ya jingine, mwishowe anajiua. Na huyo hata Ulaya hakufika. Dar es Salaam tu ilitosha kumharibu. Sasa mimi niliyekaa Berlin miaka miwili, si nitafia uwanja wa ndege?

Nimebakiwa na siku 9. Tasnifu imekabidhiwa na imepita, tiketi ipo kwenye simu. Kila anayeniandikia, na wengi wao ni watu wa vitabu, ananiuliza habari za moyo. Unajisikiaje? Utazoea tena? Huogopi? Mmoja aliniomba kabisa niandike "insha ya kuaga" kuhusu kuishi katikati ya tamaduni mbili. Hakuna hata mmoja, jamani, aliyeniuliza nadaiwa shilingi ngapi.

Ngoja niseme mwenyewe. Ukitaka viza ya mwanafunzi Ujerumani na huna ufadhili, unatakiwa kuweka fedha ya kujikimu ya mwaka mzima kwenye akaunti iliyofungwa. Mwaka 2023 ilikuwa euro 11,208. Ukishafika, benki ilikuwa inakuachia euro 934 kila mwezi, basi, hata ukiumwa jino. Kwa fedha yetu wakati ule ilikuwa karibu milioni 30. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, piga hesabu. Mjomba aliuza kiwanja Kihonda. Mama akakopa kwenye kikoba kwa jina lake, wenzake wawili wakamdhamini. Kilichobaki nilikopa saccos ya walimu. Mwaka wa pili nilijilisha kwa kufunga vifurushi ghalani usiku, masaa yale wanafunzi wanayoruhusiwa kisheria, na asubuhi naingia semina ya nadharia ya fasihi nikiwa nanuka makaratasi.

Sasa hebu niambie huo ukengeushi wangu uko wapi hapo. Maana ndilo neno letu hilo. Tulifundishwa kidato cha tano na sita, mimi mwenyewe nimelifundisha: mhusika msomi akirudi kwao na mambo yakaharibika, mwanafunzi aandike "ukengeushi", apewe alama. Nimesahihisha karatasi nyingi za namna hiyo na nilitoa alama bila kufikiri. Leo najutia baadhi.

Chukua Obi Okonkwo. Riwaya ya Achebe, No Longer at Ease, ilitoka 1960, na kwa Kiswahili tunayo kama Hamkani si Shwari Tena. Tunaisoma kama hadithi ya kijana aliyeenda Uingereza akarudi na roho mbili. Ifungue tena. Kitabu kizima kimejaa hesabu! Chama cha watu wa kwao kilimkopesha pauni 800 akasome, na deni lenyewe ni la kulipa. Akirudi anapata kazi nzuri na gari, na gari linataka bima, serikali inataka kodi, mdogo wake anataka ada, nyumbani wanategemea fedha za matumizi, na chama kinataka marejesho yake. Rushwa inayomwangusha ni pauni 20. Achebe aliziweka namba zile mbele ya macho yetu, tukazipita kama matangazo ya redio tukimbilie kwenye "mgongano wa tamaduni". Sikatai kwamba yumo Clara, na yumo baba mlokole, na ipo aibu ya osu. Ila hebu mpe Obi mshahara usio na deni halafu uniambie kama riwaya ingeanzia mahakamani.

Msimu wa Kuhamia Kaskazini wa Tayeb Salih (1966) nao tunausoma hivyo hivyo. Kule walau mwandishi mwenyewe ametaka twende gizani, kwa hiyo namwacha.

Ninachopinga si wahusika kuumia. Waumie. Ninachopinga ni uvivu wetu sisi wahakiki, kwamba maumivu ya anayerudi lazima yawe ugonjwa wa nafsi. Ukishasema tatizo liko nafsini mwa mtu, hakuna tena wa kuulizwa. Benki haiulizwi wala ubalozi. Na ukoo pia hauulizwi, na hapo najua nagusa pabaya.

Mtu aliyenifungua macho kwa hili ni Mtoro bin Mwinyi Bakari. Wengi tunamfahamu kwa Desturi za Wasuaheli, kitabu cha 1903 ambacho kwenye jalada kina jina la Carl Velten, wakati maandishi kwa sehemu kubwa ni ya Mtoro. (Ilibidi ifike 1981, kwenye tafsiri ya Kiingereza, ndipo jina lake likae mbele. Hilo nalo ni insha yake.) Kitabu hicho nilikuwa nikisikia habari zake tu nikiwa Morogoro. Nimekuja kukisoma Berlin, maktabani, nimevaa koti.

Mtoro, mtu wa Bagamoyo, alikuja hapa 1900 kufundisha Kiswahili kwenye Seminari ya Lugha za Mashariki. Hakuwa mwanafunzi, alikuwa mwalimu, ingawa nina hakika wapo waliomchukulia kama kifaa cha kusikilizia matamshi. Mwaka 1904 alimwoa Bertha Hilske, Mjerumani. Mwaka uliofuata wakapanda meli kurudi Afrika Mashariki. Walipofika pwani, serikali ya kikoloni ikakataa: mwanamke wa Kijerumani mke wa Mwafrika asishuke. Basi wakageuza, wakarudi Ujerumani wote wawili. Mtoro alifia Berlin 1927.

Haya, tumweke wapi huyu? Katikati ya tamaduni gani? Mtu aliyeandika namna watoto wanavyozaliwa, wanavyochezwa, wanavyooa na wanavyozikwa Uswahilini, kwa Kiswahili ambacho mpaka leo kinanifanya nione haya kwa changu, huyo hakuwa amepotelewa na kwao. Kwao alikuwa anapaona kutoka melini. Kilichomzuia kilikuwa amri ya ofisa na sheria ya rangi. Lakini nimekwisha kusikia, kwenye chumba cha semina na watu wanaitikia kwa vichwa, maisha yake yakielezwa kama "hali ya kuwa baina". Nilinyoosha mkono nikauliza: baina ya nini na nini, ngazi ya meli na gati? Profesa alitabasamu, akasema ni hoja ya kuvutia, tukaenda kunywa kahawa.

Hicho ndicho kinachoniudhi. Lugha hii ya tamaduni mbili ina adabu mno. Inamgeuza mtu aliyefungiwa mlango kuwa mtu mwenye mawazo mengi.

Na wale waliorudi wakafanya kazi, mbona hatuwaandiki? Karibu na ninapokaa, mtaa wa Neukölln, kuna barabara iliyoitwa Wissmann zamani, jina la yule kamanda aliyekuja kuwapiga watu wa pwani wakati wa vita vya Abushiri. Tangu 2021 inaitwa Lucy-Lameck-Straße. Lucy Lameck wa Moshi, nesi, alikwenda kusoma Ruskin College kule Oxford, akarudi, akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza bungeni na serikalini kwetu. Napita pale na mifuko ya chupa tupu za kurudisha dukani (senti 25 kwa kila chupa ya plastiki, msinicheke, ni nauli) na kila nikipita najiuliza riwaya yake iko wapi. Julius Nyerere alirudi kutoka Edinburgh 1952, akaenda kufundisha Pugu. Siasa zake tunazo vitabu tele. Lakini mwalimu yule wa Pugu mwenye shahada ya ng'ambo, anayesahihisha madaftari usiku na kufikiria Tanganyika, nani amemwandika kama mhusika?

Na Kezilahabi mwenyewe! Muumba wa Kazimoto alikwenda Marekani, akapata udaktari Chuo Kikuu cha Wisconsin 1985, akarudi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na baada ya hapo zikatoka Nagona (1990) na Mzingile (1991), vitabu vya kijasiri kuliko vyote alivyokuwa ameandika. Yaani mwandishi aliyetupa mrudi-kwao maarufu kuliko wote kwenye riwaya ya Kiswahili, yeye aliporudi hakujiua. Aliandika. Sisi tumeng'ang'ania mhusika.

Najua nitakachojibiwa. Mwenzangu wa chumba cha pili, Mkenya wa Kisumu, nilimsomea aya hizi jana jikoni akaniambia, "Lakini wewe si ulilia kwenye treni mwezi wa pili, siku ile ya theluji? Hiyo nayo ilikuwa deni?" Sikuwa na jibu la haraka. Ni kweli nililia. Ni kweli pia nimebadilika. Nimekuwa mtu wa kukasirika mtu akichelewa dakika kumi, na mara ya mwisho mama aliponiita kwenye simu nilimjibu kwa mkato, akanyamaza kidogo kabla ya kuendelea. Ule ukimya wake ninao mpaka sasa. Sasemi hakuna kinachotokea ndani ya mtu. Nasema kinachotokea ndani hakijaanzia ndani. Nililia kwa sababu zamu ya ghalani ilikuwa imeisha saa kumi alfajiri, na ujumbe wa saccos ulikuwa umeingia, na miguu ilikuwa imelowa. Mwandishi mzuri angeanza na soksi.

Wengine wananiuliza mbona sikuomba ile miezi 18 ambayo mhitimu anaruhusiwa kubaki kutafuta kazi. Wanauliza kwa upole ule wa kumuuliza mtu mbona hakula. Niliifikiria. Fomu niliipakua, nikaijaza nusu. Kuna usiku nilikuwa nimeshaamua kubaki, nikaona kabisa chumba, mshahara, vocha za kumtumia mama kila mwezi. Sitawadanganya kwamba niliiacha kwa uzalendo. Niliiacha kwa sababu nafasi yangu ya ualimu ilikuwa na tarehe ya kuripoti, na kazi ya kufunga vifurushi haikuwa na tarehe yoyote. Haifai kwenye insha ya kuaga hiyo. Haina machozi wala bendera.

Mambo ya wiki hii ndiyo haya. Kwenda ofisi ya wakazi kujiondoa kwenye daftari lao. Kuziba matundu ya misumari ukutani na kupaka rangi nyeupe, kwa sababu mwenye nyumba anashikilia amana yangu na ameniambia ataitoa "baada ya ukaguzi", ambao utafanyika nikiwa nimeshaondoka, kwenye akaunti ya benki ambayo ninatakiwa niifunge kabla ya kuondoka. Kupima mabegi mawili ya kilo 23 kwa mizani ya kuning'iniza. Shangazi anataka sufuria. Wapwa wanataka viatu, wamenitumia michoro ya nyayo zao kwenye karatasi, tena mmoja amechora na vidole. Vitabu vina kilo 19. Katika yote haya sijakutana na tamaduni mbili. Nimekutana na mizani.

Kwa hiyo wewe wa Dodoma, na nyie wengine mnaoandika riwaya au mnaozihakiki, mkitaka kumleta mhusika wenu kutoka ng'ambo, mleteni na karatasi zake. Tuonyesheni nani alilipa, nani alidhamini, nani anasubiri uwanjani na anasubiri nini. Mkimuua, basi tujue alikuwa anadaiwa na nani. Na mara moja moja, kwa ajili ya mabadiliko tu, mwacheni aripoti kazini Jumatatu.

Jana nilimwomba mama apige picha ukurasa wa daftari la kikoba wenye jina lake. Hakutaka. "Mwanangu, wewe njoo tu. Ya kikoba tutazungumza ukifika." Nikamsihi, na safari hii nilisema kwa adabu. Picha ilikuja usiku, imepigwa kwa pembe, kidole chake kimefunika kona. Deni lililobaki ni kubwa kuliko nilivyoambiwa, na chini ya jina lake kuna majina ya wale wawili waliomdhamini, kila mmoja na sahihi yake. Mmoja wao ameweka dole gumba. Leo asubuhi nimetoa koti la baridi kwenye begi, na vitabu sita, nimeviweka sokoni kwa walionunua vitu vya mitumba hapa mtaani. Koti limeondoka kwa euro 40. Vitabu bado.