Waandishi vijana wapewe uwanja wa Bagika na Bagalu

JICHO LA KANDA YA ZIWA
Na Kulwa Masunga

Mavuno yakishaingia ghalani na vumbi la kiangazi likianza kupaa, Usukumani huwa umefika wakati wa ngoma za mashindano. Makundi mawili hugawana uwanja mmoja, Bagika upande huu na Bagalu upande ule, na ngoma zote hulia kwa wakati mmoja. Hakuna jaji mwenye karatasi ya alama. Mizani ni watazamaji wenyewe: husimama palipowanogea, wakichoka huhamia kwa jirani, na kundi lililozungukwa na watu wengi zaidi ndilo lililoshinda.

Makundi hayo yalianzishwa na Ngika na Gumha, mafundi wawili wa ngoma na dawa ambao ushindani wao ungali unasimuliwa. Huko Bujora, Kisesa, Padri David Clement aliyaambatanisha mashindano hayo na sikukuu ya Ekaristi, ikazaliwa Bulabo inayowakusanya watu hadi leo. Wachezaji huja na chatu, huja na nungunungu, huja na vituko vya kila namna. Hata hivyo anayelibeba kundi ni manju, mtunzi wa nyimbo. Wimbo wake ukiwa chapwa hana haja ya kuambiwa na mtu. Anaona migongo.

Mwandishi wa riwaya kijana haoni migongo wala nyuso. Anaandika peke yake, anapeleka muswada kwa mchapishaji, anasubiri. Kitabu kikitoka kinakwenda dukani, mara nyingi katika mji asioishi, na yeye anabaki kuuliza kwa simu kama kimenunuliwa. Ndiyo maana usomaji wa hadharani, yaani kijana kusimama mbele ya watu wa kwao na kusoma kurasa zake kwa sauti, si pambo la kuongezea kwenye sherehe. Ni sehemu ya kazi yenyewe ya kuandika, na katika mikoa ya Shinyanga na Geita ni sehemu ambayo vijana wengi hawajawahi kupewa.

Si kwamba nchi imelala. Taasisi ya Elimu Tanzania inaratibu Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa Aprili 13, 2023, tarehe ya kuzaliwa kwa Mwalimu. Mshindi wa kwanza wa riwaya alipewa shilingi milioni 10, na serikali ikaahidi kuchapa miswada iliyoshinda na kuifikisha shuleni na maktabani. Kabla ya hapo, mwaka 2014, Lizzy Attree na Mukoma wa Ngugi walikuwa wameanzisha tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, ambayo baadaye iliitwa Safal-Cornell. Tuzo hiyo ndiyo iliyomwinua Zainab Alwi Baharoon wa Zanzibar kwa riwaya yake *Mungu Hakopeshwi*, pamoja na Lello Mmassy kwa *Mimi na Rais*. Hizi ni kazi kubwa, na waliozianzisha wanastahili shukrani.

Shida iko kwenye usiku wenyewe wa tuzo. Jina linatajwa, hundi inakabidhiwa, picha zinapigwa, wageni wanakwenda kula. Riwaya iliyowakutanisha wote hao inasikika kidogo sana, na hayo yote hufanyika mbali na Geita na Shinyanga. Kwa kijana wa Rwamagasa au Kishapu sherehe hiyo ni habari ya kwenye simu.

Machi 2019 soko la dhahabu lilifunguliwa mjini Geita, la kwanza la aina yake nchini. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: mchimbaji mdogo asilazimike kutorosha gramu zake au kuhangaika nazo mbali, wakati wanunuzi, mizani na serikali wanaweza kukaa pamoja karibu na duara lake, yaani shimo analochimba. Soko likajibu, na mikoa mingine ikafungua ya kwake. Hoja hiyo hiyo haijafanyiwa kazi kwa watu wanaochimba maneno.

Na malighafi ipo tele. Kuna magwangala, yale mawe ya mabaki ya mgodi ambayo vijana wa Geita wamekuwa wakiyasaka na kuyaponda wakitafuta chembe. Kuna rashi: taarifa ya dhahabu inavuma asubuhi, na baada ya siku chache pori limekuwa mji wa maturubai, makarasha, mama ntilie na wahubiri. Kuna wachimbaji wadogo walioondolewa Bulyanhulu Agosti 1996, na kuna Kahama iliyozoea mishahara ya Buzwagi kisha mwaka 2021 ikauona mgodi ukifungwa. Kuna almasi ya Mwadui aliyoivumbua John Williamson mwaka 1940, kuna sungusungu, kuna bibi wa Kisukuma aliyedhaniwa mchawi akauawa kwa sababu moshi wa kuni ulimfanya macho kuwa mekundu. Mtu aliyekulia humo ana mambo mengi ya kuandika kuliko anayoweza kuyamaliza. Anachokosa ni watu wa kumwambia, ana kwa ana, pale aliposema kweli na pale alipoongopa. Mchimbaji akisikia mwandishi amekosea jinsi mtu anavyoshuka kwenye duara, atanyanyuka kumsahihisha hapo hapo, na hakuna mhariri wa Dar es Salaam atakayemfanyia mwandishi huyo msaada kama huo.

Ng'ambo ya maji, Ukerewe, kuna kisa ambacho kila afisa utamaduni wa Kanda ya Ziwa angepaswa kukijua. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa 1896, alimaliza mwaka 1945 riwaya yake kubwa ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Aliiandika kwa Kikerewe. Wachapishaji hawakuitaka kwa lugha hiyo, basi akaketi akaitafsiri yote kwa Kiswahili yeye mwenyewe. Ilichapwa na Tanzania Publishing House mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya kusubiri miaka ipatayo 35. Kitereza alifariki 1981, kabla hajaishika mkononi nakala ya kitabu chake. Leo wataalamu wanakisoma katika lugha za mbali, lakini mzee huyo hakupata jioni hata moja ya kukaa mbele ya watu wenye kitabu hicho mapajani na kuwasikia wakicheka penye kichekesho.

Kisiwa hicho hicho kilimtoa Euphrase Kezilahabi. Alikuwa na miaka 27 tu *Rosa Mistika* ilipotoka mwaka 1971, na riwaya hiyo ilipigwa marufuku shuleni kabla ya kuja kuwa kitabu cha kiada. Kipaji cha ujanani si jambo geni ziwani.

Wapo watakaosema watu wa machimboni hawasomi. Wanaosema hivyo hawajaingia kwenye kibanda cha video wakati filamu ya kigeni inatafsiriwa kwa sauti ya Lufufu, yule mtafsiri wa filamu, watu wamebanana kwenye mabenchi na hakuna anayekohoa. Wala hawajaona simulizi zinazouzwa kwa vipande kwenye WhatsApp, ambapo msomaji hutuma pesa kwa simu apate sehemu inayofuata usiku huo huo. Wazazi wa wasikilizaji hao walikaa shikome, wakaota moto na kusikiliza hadithi za wazee. Sikio lipo, na limefundishwa vizuri.

Waingereza walielewa mwaka 1983 kwamba mwandishi kijana lazima afikishwe kwa wasomaji. Katika kampeni ya baraza lao la masoko ya vitabu waliteuliwa waandishi 20 wa riwaya walio chini ya miaka 40, jarida la Granta likachapa kazi zao, na vijana hao wakanadiwa kwa wasomaji kama wachezaji wapya wa ligi. Kazuo Ishiguro alikuwa na riwaya moja tu iliyochapishwa. Buchi Emecheta wa Nigeria alikuwamo pia. Ishiguro alikuja kupata Nobel mwaka 2017. Ile ilikuwa kampeni ya mauzo, na hakuna aibu katika hilo: kitabu cha shilingi 10,000 chenye mrabaha wa asilimia 10 kinamwachia mwandishi shilingi 1,000, kwa hiyo nakala 100 zikiuzwa kwa jioni moja zina maana kubwa kwake.

Geita ina mahali pa kuanzia. Maonesho ya Teknolojia ya Madini hufanyika kila mwaka katika viwanja vya Bombambili, na huleta wachimbaji, mabenki, wanafunzi na mawaziri. Jioni moja ya maonesho hayo itolewe kwa riwaya. Vijana wawili, mmoja wa Geita na mmoja wa Shinyanga, wapewe majukwaa mawili na wasome kwa wakati mmoja, robo saa robo saa, na watu wahame kama wanavyohama kati ya Bagika na Bagalu. Kisha mwaka unaofuata iwe zamu ya Shinyanga, na Kahama isisahauliwe.

Fedha hazipaswi kuwa kisingizio. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanaitaka kampuni ya mgodi kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri kuhusu mpango huo, zile fedha ambazo Geita kila mtu anaziita CSR. Juu yake kuna ushuru wa huduma. Zahanati na madarasa yatangulie, hilo safu hii hailipingi. Lakini nauli za waandishi wachache, kipaza sauti na nakala za vitabu vyao kwa ajili ya shule za sekondari ni kiasi ambacho hakitaonekana kwenye mpango wa aina hiyo.

Mwaka wa fedha wa halmashauri huanza Julai 1, na kiangazi kitakuwa kimeshafika. Bagika na Bagalu watatafuta uwanja kama kawaida yao. Pembeni ya uwanja huo kuna nafasi ya meza mbili, taa, na kijana mwenye kurasa zake mkononi.